Mstari Katika Mteremko wa Kericho

Matatu ikitoka Kericho alfajiri kwenda Kisumu, abiria huwa wamejifunika hadi masikio. Ukipita Kipsitet sweta zinaanza kuvuliwa. Ahero madirisha yote yako wazi. Umeteremka kutoka mita 2,000 hivi hadi chini ya 1,200. Katika mteremko huo unapita mstari ambao daktari mmoja aliufuata akitafuta chanzo cha saratani ya watoto.

Daktari huyo, Denis Burkitt, alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia kwa ajali, lakini akawa mpasuaji. Mwaka 1946 alifika Uganda, akaanzia Lira kisha hospitali ya Mulago.

Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari mwenzake Mulago, alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia, meno yamelegea. Uvimbe wa kawaida hauzuki pande nne kwa mpigo. Burkitt akapiga picha, akabaki na swali. Wiki chache baadaye, akizungukia wagonjwa Jinja, akachungulia dirishani: kwenye nyasi wameketi mama na mtoto mwenye uso uleule.

Daktari mwingine angeandika makala na kuendelea na kazi. Yeye aliandika, mwaka 1958, kisha akasambaza vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za Afrika akiuliza: mmewahi kuuona? Oktoba 1961 akapanda gari kuukuu la Ford pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, wakaenda hadi Afrika Kusini na kurudi, kilomita 16,000 kwa wiki 10, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Jibu lilikuwa la jiografia. Karibu na ikweta, ukivuka mita 1,500 hivi ugonjwa unaadimika. Kadiri unavyoelekea kusini, kimo hicho kinashuka. Mtafiti Alexander Haddow wa Entebbe akatambua kwamba kinachoamua ni joto na mvua, yaani mazingira ya mbu.

Wengi walidhani mbu analeta kirusi cha saratani hiyo. Kirusi kilipatikana kweli, London mwaka 1964, mikononi mwa watafiti Epstein, Achong na Barr, ila hakihitaji mbu: kinaenea kwa mate, na hata watoto wa Bomet, kwenye baridi ya juu, wanacho. Mbu anachangia kwa malaria isiyokoma, inayoivuruga kinga ya mtoto tangu uchanga. Watafiti walipolinganisha watoto wa Kisumu na wa Nandi, majirani wa Kericho, waliona wa Kisumu wanakipata kirusi hicho mapema zaidi, tena kwa wingi. Mashamba ya chai ya Kericho nayo yamewahi kukumbwa na malaria, miaka ya 1940 na tena kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini huku juu huja kwa milipuko na kuondoka.

Burkitt hakuwa na mashine za mionzi Mulago. Akajaribu dawa, ikiwemo saiklofosfamidi, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu, wakati ambapo kuponya saratani kwa dawa peke yake kulikuwa karibu ndoto. Aliondoka Uganda 1966, akafariki 1993. Mtoto wa uwanda wa Kano, kule chini Ahero, akivimba taya leo, dawa hiyohiyo bado ni miongoni mwa zinazotundikwa kwenye dripu yake.