Weupe wa Shati

Siku mashine ya kufulia ilipoletwa nyumbani kwetu, ilicheza ngoma. Wanangu walikuwa wamechangishana fedha wakainunua, wakisema mama yao ameinama kwenye beseni vya kutosha. Vijana wa duka waliishusha garini, wakaiweka kwenye kibaraza cha nyuma, wakaunganisha mpira wa maji, wakachomeka plagi na kwenda zao. Mke wangu akatia mashuka. Mwanzoni ilikwenda taratibu, lakini ilipofika wakati wa kukamua ilitetemeka, ikaruka, kisha ikaanza kutembea kuelekea mlangoni kama mgeni aliyechukizwa na makaribisho. Nilikimbilia kuishika. Nilipoigusa nikapata mshtuko wa umeme uliopanda hadi kwenye kiwiko. Nilikwenda kuzima swichi kuu ya nyumba, nikaketi chini, nikashukuru Mungu kwamba nilikuwa nimevaa kandambili za mpira.

Jioni nilivaa miwani nikasoma kitabu cha maelezo kutoka jalada hadi jalada. Maisha yangu yote nimesoma nyaraka za serikali, hivyo kitabu kile hakikunishinda. Nikagundua makosa mawili. Kwanza, nyuma ya mashine kulikuwa na boli nne ambazo kiwandani hukazwa ili kuishikilia ngoma isigonge-gonge safarini. Boli hizo lazima zitolewe kabla ya kufua, nazo zilikuwa bado mahali pake. Pili, soketi tuliyotumia haikuwa na waya wa ardhi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliovuja kabla haujapita mwilini mwa mtu.

Makosa hayo yalirekebishwa baada ya siku mbili. Hata hivyo kitabu kile kiliniamshia swali jingine ambalo halikurekebishika upesi. Mimi nilifundisha historia kwa miaka mingi: nilifundisha wafalme, vita, mikataba na tarehe za uhuru. Sikuwahi kufundisha hata kipindi kimoja juu ya kufua nguo, ingawa hapana shaka kazi hiyo imekula saa nyingi za binadamu kuliko vita vyote nilivyovitaja ubaoni. Nilianza kuitafuta historia hiyo, na katika kuitafuta nikakutana na mtoto mmoja niliyemkosea.

Mafuta hayakubali maji. Huo ndio msingi wa jambo lote. Uchafu wa nguo aghalabu hushikiliwa na mafuta ya mwili, na maji peke yake hupita juu yake. Kwa hiyo tangu zamani watu walitafuta kitu cha kuwapatanisha. Wengi walitumia majivu, kwa sababu maji ya majivu yana magadi ndani yake. Hapa Afrika Mashariki tuna magadi yenyewe, yaliyotandazwa juu ya ziwa kama theluji. Ziwa Magadi la Kenya limechimbwa kwa biashara tangu mwaka 1911. Ukichemsha mafuta pamoja na magadi makali unapata sabuni, neno ambalo tulilipokea kutoka kwa Waarabu, kama tulivyolipokea neno dobi kutoka kwa Wahindi.

Maneno hayo mawili yanatueleza jambo. Katika miji ya pwani, kanzu nyeupe ilikuwa na maana kubwa kuliko kitambaa chake. Mtu aliyetembea barazani na kanzu isiyo na doa alikuwa anatangaza, bila kusema neno, kwamba kuna mtu mwingine anayefua. Mtumwa au maskini alijifunga kaniki nyeusi isiyoonyesha uchafu, au merikani isiyopaushwa, iliyopata jina lake kwa kuwa ilitoka Marekani. Weupe ulikuwa wa mmoja, na mikono ilikuwa ya mwingine.

Ulaya nako hali haikuwa tofauti sana. Mwaka 1884 Mwingereza William Lever alianza kuuza sabuni ya Sunlight, iliyokatwa vipande na kufungwa kwenye karatasi, na biashara yake ikakua haraka. Sabuni inataka mafuta, na mwaka 1911 Lever alipewa na serikali ya Ubelgiji maeneo makubwa ya michikichi huko Kongo. Wanahistoria wameandika jinsi wanakijiji wengi walivyolazimishwa kupanda michikichi na kukata mikungu yake. Shati lililong'aa Liverpool lilikuwa na jasho la mtu wa Kwilu ndani yake, wala mwenye shati hakujua.

Kuna habari nyingine niliyoipenda zaidi, kwa sababu ndani yake wafuaji wenyewe wanasema. Katika mji wa Atlanta, Marekani, miaka kumi na sita tu baada ya utumwa kukomeshwa huko, wanawake weusi waliokuwa wakiwafulia watu nguo waliunda chama. Julai 1881 walianza wakiwa ishirini hivi, na katika wiki tatu wakawa wapatao 3,000. Waligoma kufua mpaka walipwe dola moja kwa kila ratili kumi na mbili za nguo. Wengine walikamatwa na kutozwa faini. Mji ulitishia kuwatoza ada kubwa ya leseni. Wao wakajibu kwamba watalipa ada hiyo, ilimradi kazi yao iheshimiwe. Niliposoma habari hizo nilijiuliza: kama hii si historia, basi historia ni nini?

Mashine nayo ilikuja polepole. Mwaka 1767, huko Regensburg, Ujerumani, mwanazuoni Jacob Christian Schäffer alichapisha maelezo ya pipa la kufulia lenye mti wa kuzungushia nguo. Mwaka 1851 Mmarekani James King alipata hataza ya mashine yenye ngoma ya kuzungushwa kwa mkono. Mwanzoni mwa karne ya ishirini zikaja za umeme, mojawapo ikiwa Thor ya kampuni ya Hurley ya Chicago. Zile za kwanza zilikuwa na hatari zake. Nyingi zilikuwa na magurudumu mawili ya kukamulia yaliyobanana, na vidole, hata mikono mizima ya watoto, vilivutwa humo. Mwaka 1937 ikaonyeshwa Bendix, iliyojaza maji, kufua, kusuuza na kukamua yenyewe. Nilicheka peke yangu niliposoma kwamba Bendix za mwanzo ilibidi zifungwe sakafuni kwa boli, la sivyo zingetembea. Kumbe hata yangu ilikuwa inafuata mila za mababu zake!

Je, mashine hizo ziliwapumzisha wanawake? Mwanahistoria Mmarekani Ruth Schwartz Cowan aliandika kitabu mwaka 1983 kujibu swali hilo, na jibu lake si jepesi. Uzito wa kazi ulipungua kwa kweli, lakini saa hazikupungua sana. Nguo zilizokuwa zikipelekwa kwa dobi zilirudi nyumbani. Shati lililovaliwa siku tatu likaanza kuvaliwa siku moja. Na sehemu za kazi za nyumbani zilizokuwa za wanaume na watoto, kama kupasua kuni na kuchota maji, zilitoweka zaidi kuliko zile za mama. Mashine ilibadili kazi, lakini swali la nani anaifanya halikuguswa.

Hapo ndipo ninapofika kwa yule mtoto.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu mkuu kijana wa shule ya msingi katika Mkoa wa Dodoma. Waliokuwapo wanaikumbuka miaka ile baada ya vita vya Kagera. Sabuni ilikuwa bidhaa adimu. Watu walipanga foleni katika duka la ushirika kwa ajili ya mche mmoja wa sabuni, na mara nyingi duka liliishiwa kabla foleni haijaisha. Kwa magendo ilipatikana, lakini kwa bei isiyosemeka. Wengine walifulia majani ya mpapai, wengine walirudia majivu ya bibi zao.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu nikiamini kwamba usafi ni nusu ya elimu. Kila Jumatatu nilikagua sare mstarini. Msichana mmoja wa darasa la sita alikuja na blauzi iliyotakiwa kuwa nyeupe, nayo ilikuwa ya kijivu. Nilimwonya mara moja, nikamwonya mara ya pili. Mara ya tatu nilimrudisha nyumbani mbele ya wenzake, nikamwambia asirudi mpaka nguo iwe nyeupe. Hakulia. Alishika begi lake la kitambaa akaondoka.

Ilikuwa wiki ileile niliyofundisha darasa la saba somo la maji magumu. Nilikuwa nimechora ubaoni na kueleza, kwa fahari ya mwalimu anayelijua somo lake, kwamba maji ya visima vyetu yana chokaa nyingi. Sabuni ikiingia humo haitoi povu, bali hushikana na chokaa na kuwa utando unaoganda kwenye nguo na kuipa rangi ya kijivu. Nikasema kwamba dawa yake ni kutumia sabuni nyingi zaidi, au kutumia maji ya mvua. Nilisema hayo kwa kinywa changu mwenyewe. Sabuni nyingi zaidi, mwaka ule! Maji ya mvua, mwezi wa Septemba, Dodoma!

Baada ya siku nne mama yake alikuja. Hakugombana nami. Alisema, "Mwalimu, mwanangu ana blauzi moja. Huifua kila usiku na kuianika juu ya moto. Haikatai kufuliwa, inakataa kuwa nyeupe." Nilimrudisha mtoto darasani siku ileile, lakini sikumwomba radhi, wala yeye wala mama yake. Mwalimu mkuu wa siku zile hakujua njia ya kuomba radhi. Yule msichana alimaliza darasa la saba na kuondoka, nami sikujua alikokwenda.

Leo nasimama mbele ya mashine, na kila jambo inalodai linanikumbusha siku ile. Maji yetu ni yale yale magumu. Chokaa ile iliyoharibu blauzi ndiyo inayoganda kwenye chuma cha kuchemshia maji ndani ya mashine, kwa hiyo mara kwa mara naiendesha tupu kwa maji ya moto yenye asidi ya ndimu, ile ya unga. Sabuni naipima kwa kikombe, maana nyingi mno si usafi: povu likijaa nguo hazisuguani, na mabaki hubaki nguoni. Ngoma siijazi. Naacha nafasi ya kiganja juu ya nguo, kwa sababu nguo hutakata kwa kuanguka na kupigana, kama zilivyopigwa juu ya jiwe mtoni. Mifukoni natoa misumari na sarafu. Kanga mpya naifua peke yake mpaka iache kutoa rangi. Nguo iliyomwagikiwa petroli au mafuta ya taa haiingii humo kabisa, kwani mvuke wake unaweza kushika moto.

Nikimaliza nachomoa plagi, tena kwa mikono mikavu. Nafunga bomba la maji ili mpira usije ukapasuka sisi tukiwa tumelala, kisha nauacha mlango wazi kidogo ndani ikauke isiote ukungu. Wajukuu wakija naufunga, kwa kuwa mtoto huona ngoma ile kama pango la kujifichia. Kila mwezi nafungua chujio la pampu na kutoa nyuzi na vifungo. Umeme ukikatika nachomoa, na ukirudi nangoja kidogo kabla ya kuchomeka.

Utaona, msomaji, nasema "nachomoa" na "nafunga". Ndiyo. Chuoni mwaka 1971 nilifua nguo zangu kila Jumamosi kama wenzangu wote. Nilipooa niliacha, na kwa miaka zaidi ya arobaini sikushika beseni. Mashine ilipokuja, kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza kigumu na aliyekisoma ni mimi. Mke wangu akasema, "Mwalimu, aliyesoma somo ndiye anayelifundisha." Tangu siku hiyo kufua ni kwangu. Nadhani ni mara chache mashine ya namna hii imehamisha kazi kutoka mikono ya mwanamke kwenda kwa mwanamume, nami sidai sifa, kwa maana nimechelewa mno.

Juzi nilitoa shati langu jeupe kwenye ngoma nikaliinua juani. Lilikuwa safi, lakini si jeupe kabisa. Lilikuwa na kijivu kidogo, kwa sababu maji ni yale yale. Mke wangu aliuliza kama nitalirudia. Nikamwambia hapana, nitalivaa hivyo hivyo kwenda kanisani. Nami nikalivaa.