Upepo unaotoweka usiku: Jinsi ya kutambua uvujaji katika pikipiki ya kale

MWENYE pikipiki ya kale katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi huijua vyema asubuhi ya aina hii. Jioni aliiegesha nje ya nyumba, iwe Kaloleni au Ofafa Jericho, tairi zake zikiwa ngumu. Kulipopambazuka aliikuta ile ya nyuma imelegea. Haikulala kabisa, bali ilibonyea pale inapogusa ardhi. Aliitia upepo, akaenda kazini, na baada ya siku mbili mambo yakawa yale yale.

Pancha ya msumari hujitangaza yenyewe. Uvujaji wa polepole haufanyi hivyo, na ndiyo sababu watu wengi huuzoea. Huzunguka na pampu kwa majuma kadhaa, wakidhani hasara ni ile jasho la kupampu tu.

Hatari yake ni kubwa kuliko hapo. Tairi ya pikipiki ya zamani ina tyubu, yaani mpira wa ndani, na hushikamana na rimu kwa nguvu ya upepo. Upepo ukipungua, tairi huteleza kidogo juu ya rimu kila dereva anapofunga breki, ikiivuta tyubu pamoja nayo. Mdomo wa kutilia upepo, yaani vali, umebanwa katika tundu la rimu na hauwezi kufuata. Mpira huanza kuchanika kwenye shina la vali, kisha siku moja huachia wote kwa ghafla. Iwapo hilo litatokea kwenye gurudumu la mbele katika Barabara ya Jogoo, matatu ikiwa nyuma na abiria akiwa amebebwa, dereva hana muda wa kufanya lolote.

Kwa hivyo, kabla ya kulaumu tyubu, pima. Tumia kipimo cha upepo kilicho chako mwenyewe, kwani vile vya vituo vya petroli hutofautiana. Pima asubuhi kabla ya kuendesha, tairi zikiwa baridi, na uandike. Rudia kwa siku tatu au nne, magurudumu yote mawili. Pikipiki ndogo za kale kwa kawaida huhitaji kati ya PSI 22 na 32, gurudumu la nyuma likizidi la mbele. Kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho.

Kuandika kunasaidia kutenga uvujaji na hila za hali ya hewa. Joto likishuka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kama linavyoshuka Nairobi kutoka alasiri hadi alfajiri, kipimo hupungua kwa zaidi kidogo ya PSI 1 hata kama hakuna tundu lolote. Vilevile, tairi iliyojazwa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, itaonyesha upungufu wa PSI 2 au zaidi ikipimwa Mombasa katika joto lile lile, kwa sababu hewa ya nje huko pwani ni nzito zaidi. Magurudumu yote mawili yakipungua kwa kiasi kinachokaribiana, mshukiwe kwanza ni hali ya hewa au umri wa tyubu. Likipungua moja tu, hapo kuna kasoro.

Aina ya mpira nayo ina usemi. Tyubu za mpira asilia hupitisha hewa kwa kasi kubwa kuliko zile za butili, na hata zikiwa nzima huhitaji kuongezwa upepo mara kwa mara. Mwenye kutumia tyubu ya zamani iliyokaa rafuni miaka mingi asishangae.

Ukiridhika kwamba kuna uvujaji, anza na vali. Zungusha gurudumu hadi vali ije juu, ondoa kifuniko, kisha weka tone la maji ya sabuni mdomoni mwake. Povu likipanda taratibu, pini ya ndani ya vali imelegea au ina uchafu. Ikaze; ikikaidi, ibadilishe, maana bei yake ni ndogo. Inasikitisha ni tairi ngapi hufunguliwa bure kwa kuwa hakuna aliyetumia dakika mbili hapa.

Tazama pia jinsi vali ilivyosimama. Ikiwa imeinama upande mmoja badala ya kuelekea katikati ya gurudumu, tairi imekwisha kuteleza na shina la vali linavutwa. Baadhi ya mafundi huikaza nati ya vali kwenye rimu ili isimame wima. Huko ni kuficha dalili. Nati hiyo afadhali irudishwe juu, karibu na kifuniko, ili vali inapoinama ionekane mapema.

Vali ikiwa salama, inua gurudumu na ulizungushe polepole ukikagua uso wa tairi mahali penye mwanga. Katika Eastlands adui hutofautiana na mtaa. Karibu na karakana za jua kali za Kamukunji huwa ni vipande vya bati na vyuma. Kwingineko ni waya wa kufungia nondo za ujenzi. Adui mjanja kuliko wote ni ule waya mwembamba kama unywele unaosalia barabarani tairi zinapochomwa wakati wa maandamano. Hupenya mpira bila kuacha alama, hudunga tyubu gurudumu linapobanwa na uzito, na pikipiki ikiegeshwa hurudi nyuma na tundu likajifunga karibu kabisa. Mwenye tairi inayopungua ikiendeshwa tu na kutulia ikiegeshwa amshuku huyu.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wengi. Kabla ya kuitoa tyubu, weka alama ya chaki kwenye tairi mkabala na vali, na nyingine kuonyesha upande wa mnyororo. Tyubu ikitoka, itie upepo kiasi cha kuijaza tu na uipitishe kwenye karai la maji, sehemu kwa sehemu, ukiivuta kidogo. Viputo vikionekana, ilaze tyubu juu ya tairi kwa kufuata zile alama. Sasa tundu litakuonyesha kilicholisababisha.

Tundu lililo upande wa nje lina mwenzake kwenye tairi: mwiba au waya ungali mle. Mtafute kwa kupitisha kitambaa ndani ya tairi, si vidole vitupu. Matundu mawili yaliyo sambamba ni alama ya kubanwa, ama na rimu ulipogonga shimo upepo ukiwa haba, ama na vyuma vya fundi wakati wa kuifunga. Mpasuko kwenye shina la vali hauna tiba. Tyubu hiyo itupwe.

Tundu lililo upande wa ndani, ule unaoelekea rimu, ndilo linalohusu hasa pikipiki za kale. Rimu za spoki zina ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki. Baada ya miaka mingi ukanda huo hukauka na kukatika, spoki zilizokazwa kupita kiasi hutokeza ncha, na kutu ndani ya rimu hubambuka kwa magamba makali. Mwandishi wa makala haya aliwahi kubandikiwa viraka vitatu katika majuma mawili na fundi aliyekuwa hodari wa gundi lakini hakuwahi kuingiza mkono ndani ya rimu. Ncha moja ya spoki ndiyo iliyokuwa ikimlipa. Dawa ni kuinoa ncha kwa tupa, kusugua kutu kwa msasa na kuweka ukanda mpya.

Kuna kisababishi kingine kilichokuja na wakati. Tangu serikali ilipoondoa ushuru wa ziada ya thamani kwa pikipiki zisizozidi cc 250 mwaka 2008, bodaboda zimetapakaa, na vipuri vinavyopatikana kwa urahisi ni vya magurudumu yao, mengi ya inchi 17 au 18. Pikipiki nyingi za zamani si za vipimo hivyo. Matoleo ya mwanzo ya BSA Bantam, iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, yalikuwa na magurudumu ya inchi 19. Tyubu ndogo huweza kunyooshwa hadi ikaingia, lakini mpira hubaki umekonda, hasa kwenye kiungo chake, na huvuja hapo. Soma nambari iliyochapishwa kwenye tyubu kabla ya kulipa.

Kuhusu viraka, mafundi wengine hupika kiraka kwa kuwasha mafuta ndani ya pistoni kuukuu iliyobanwa juu ya tundu, na kazi hiyo ikifanywa kwa subira hudumu. Kiraka baridi nacho hudumu, mradi mpira usuguliwe na gundi iachwe ikauke kabla ya kubandika. Dawa za majimaji za kuziba matundu zifae tu kukufikisha nyumbani: huziba vali na kuficha chanzo.

Mwisho, tazama umri wa tairi yenyewe. Zilizoundwa tangu mwaka 2000 kwa kawaida huwa na tarakimu nne ubavuni, juma kisha mwaka; 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Zenye tarakimu tatu ni za karne iliyopita. Hizo, hata kama michoro yake ingali mirefu, ziondolewe pamoja na tyubu.