Wasomaji wa Mvumi: Neno la Kila Siku na Uamsho katika Ugogo

Imekuwa desturi yetu, tunapoandika juu ya Uamsho wa Afrika ya Mashariki, kuanzia mwaka 1929, pale Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walipokutana Kampala, wakajifunza Biblia pamoja na kuomba. Kutoka hapo twaenda Gahini katika Rwanda, kisha Bukoba, na mwisho tunafika sehemu za katikati ya Tanzania, kana kwamba huko watu walikuwa wamelala wakingojea mgeni wa kuwaamsha. Katika makala hii tunakusudia kuitazama Mvumi, kiasi cha kilomita 40 kusini-mashariki ya mji wa Dodoma, na kuuliza ni udongo wa namna gani mbegu ile iliukuta.

Kituo cha misioni cha Mvumi kilifunguliwa na wamisionari wa CMS mwaka 1900. Mwaka mmoja kabla ya hapo Agano Jipya lilikuwa limekwisha kuchapishwa kwa Kigogo. Katika misioni za CMS mtu aliyejiunga na mafundisho aliitwa msomaji kabla hajaitwa Mkristo, na jina hilo lina uzito wake: imani ilianza kwa kukaa mbele ya kitabu. Lakini tusiwaze habari ya mtu mmoja chumbani mwake na taa yake. Nyumba ya Mgogo ilikuwa tembe, yenye paa la udongo na matundu machache ya kuingizia mwanga. Kusoma ndani yake ni taabu hata mchana. Vitabu vilikuwa vichache, na waliojua kusoma walikuwa wachache pia. Kwa hiyo Neno lilisomwa nje, kwa sauti, asubuhi kabla ya jembe na malisho, mmoja akisoma na wengine wakishika kwa masikio. Aliyesikia mstari alfajiri aliuchukua shambani kwenye mtama na uwele, akaurudia moyoni kutwa nzima. Tunaona kwamba huko ndiko kutafakari hasa, wala si upungufu wake.

Hapo Mlutheri hana budi kumkumbuka baba yake. Katika utangulizi wa maandiko yake ya Kijerumani wa mwaka 1539, Martin Luther, akiifuata Zaburi ya 119, alitaja mambo matatu yamfanyayo mtu kuwa mwanateolojia: kuomba, kutafakari na kujaribiwa. Kutafakari kwake kulikuwa kwa kinywa pia, kulirudia neno la nje na kulisugua. Na hilo la tatu halichagui mtu wala mahali.

Ugogo ulijaribiwa mapema. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, wamisionari wa Kiingereza walikamatwa na serikali ya Kijerumani, na walimu wenyeji wakashukiwa kuwa wapelelezi. Wengi walifungwa na kuteswa. Sharika zilibaki bila wachungaji wa kigeni. Waingereza waliitwaa Dodoma mwaka 1916, lakini majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Ndipo ilipokuja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, iliyoua watu wengi mno kati ya miaka 1917 na 1920. Kanisa lililotoka katika miaka hiyo halikutunzwa na mikutano mikubwa, kwa maana hapakuwa na chakula cha kuwalisha wakutanao. Lilitunzwa na wale waliokuwa wameshika maneno vichwani.

Mwaka 1927 George Chambers wa Australia aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Central Tanganyika, na Waaustralia wakaiendeleza Mvumi kwa hospitali na shule ya wasichana. Hospitali ndiyo iliyopata sifa ng'ambo, kwa sababu ya vitabu vya Paul White, daktari aliyefanya kazi pale kuanzia mwaka 1938. Kwa habari ya jambo letu, shule ilizidi. Msichana aliyejifunza kusoma alirudi kwenye tembe akiwa na sauti ya kuisomea nyumba, na Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, iliyomwagiza baba wa nyumba awafundishe watu wake sala za asubuhi na jioni, haikuwa imewaza kwamba msomaji angekuwa binti.

Basi, Uamsho ulipofika Ugogo, haukuleta kitabu kipya. Festo Kivengere, aliyekuwa mwalimu katika shule ya sekondari ya Alliance, Dodoma, tangu miaka ya 1940, alikuta watu waliokwisha kulizoea Neno. Jambo jipya lilikuwa kusomewa na ndugu: mtu hakuulizwa tena amesoma nini, bali Neno limemgusa wapi, na alitakiwa aseme mbele ya wengine. Hilo lilileta uzima, lilileta pia hatari. Waliosimama kushuhudia walianza mahali pengi kuwapima wasiosimama, na wachungaji waliojua Maandiko walionekana wakavu. Walutheri wa Bukoba waliyaona hayo hayo, na Josiah Kibira, mtoto wa Uamsho aliyekuwa askofu mwaka 1964, alifanya kazi kubwa ili ushirika usiliache Kanisa. Tukiri kwamba lawama juu ya wachungaji haikuwa ya uongo yote. Wengi wetu huifungua Biblia Jumamosi jioni, tukitafuta hubiri.

Lakini ushirika wa Uamsho uliwaunganisha watu wa makabila mengi, hivyo lugha yake katika nchi yetu ilikuwa hasa Kiswahili, na Biblia ya Union Version ilipotoka mwaka 1952 ilienea upesi. Msomaji wa Mvumi akawa na lugha mbili za kumjia Mungu: ya ushuhuda, na ile ya alfajiri. Kwa hiyo ya pili alikuwa bado na Agano Jipya la mwaka 1899. Biblia nzima kwa Kigogo ilichapishwa mwaka 1962.