Asklepia: Gugu linalobeba maisha ya kipepeo monaki

Kwa mkulima wa mahindi katika jimbo la Iowa nchini Marekani, asklepia ni gugu tu. Kwa kipepeo monaki, ndiyo chakula pekee cha viwavi wake. Tunaeleza uhusiano huo na kwa nini uko hatarini.

Sumu inayogeuka ngao

Asklepia ni maua ya mwituni, na Marekani ina zaidi ya aina 70 za asili. Ukivunja jani la aina nyingi, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Mmea huo una sumu inayodhuru moyo, na mifugo ikiula kwa wingi inaweza kufa. Kiwavi wa monaki hadhuriki. Huihifadhi sumu hiyo mwilini hadi anapokuwa kipepeo, na ndege anayemla hutapika. Rangi ya chungwa yenye mistari myeusi humkumbusha ndege huyo asirudie.

Safari ya Mexico

Monaki wa kiangazi huishi wiki chache tu. Wanaozaliwa mwishoni mwa msimu huishi hadi miezi minane, na wale wa mashariki mwa Milima ya Rocky huruka maelfu ya kilomita hadi misitu ya milimani katikati mwa Mexico. Huko huhesabiwa kwa ukubwa wa msitu wanaoufunika: takriban hekta 18 msimu wa 1996-97, lakini hekta 0.67 tu msimu wa 2013-14.

Nini kilitokea?

Tangu miaka ya 1990, mahindi na soya zinazostahimili dawa ya magugu zimeenea. Dawa hunyunyizwa shambani, mazao hubaki, asklepia hufa. Ukataji wa misitu Mexico na mabadiliko ya tabianchi pia vinachangia.

Kupanda ipi?

Wakazi wengi sasa hupanda asklepia bustanini, lakini aina ni muhimu. Ile ya kitropiki, yenye maua mekundu na manjano, haifi wakati wa baridi katika majimbo ya kusini, hivyo vimelea vya monaki hujikusanya kwenye majani yake. Aina za asili hunyauka kila mwaka na kuchipua upya zikiwa safi.

Afrika Mashariki nako yupo ndugu wa monaki, Danaus chrysippus, ambaye viwavi wake hula mimea ya ukoo huohuo. Kabla ya kung'oa gugu lenye utomvu mweupe, tazama kwanza chini ya majani yake.