Hodi Isiyoitikiwa

SEHEMU YA KWANZA

Shangazi hakunipigia simu. Alikuja mwenyewe kwa miguu, kutoka Kiponda hadi chumba changu cha kazi Vuga, saa nane mchana, nami nikajua kuna jambo. Mtu wa umri wake hakati vichochoro na jua lile kwa ajili ya habari njema.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Leo tarehe ngapi, mwanangu?”

“Kumi na nne.”

“Kumi na nne Juni. Mwaka jana siku kama ya leo nilikuwa nakataa wageni, naazima gari za watu.” Akaitoa simu ya ofisi mkobani, akailaza mezani kama anayemrudishia mchuuzi samaki aliyeharibika. “Hii haijalia tangu Jumamosi. Na wewe ndiye uliyeigusa ile tovuti.”

Kweli niliigusa. Marehemu mumewe alianza kazi ya utalii akiwa papasi bandarini, akiwakimbilia wageni wanaoshuka kwenye boti, mpaka akachoka kukimbia akaamua wageni wamfuate yeye. Akajifundisha kutengeneza tovuti. Miaka kumi na miwili aliandika kurasa moja baada ya nyingine kwa Kiingereza chake cha bandarini: mashamba ya viungo ya Kizimbani, kima punju wa Jozani, kobe wakubwa wa Changuu ambao mababu zao wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kurasa 214. Alipofariki mwaka jana tovuti ilikuwa imechakaa na inafunguka kwa kujivuta, lakini ndiyo iliyolisha ofisi. Mtu aliyeko Milano anauliza Google namna ya kufika Changuu, Google inampeleka kwa marehemu.

Mwezi wa tano, masika yakipiga na hoteli nyingi za pwani zikiwa zimefunga, niliihamisha. Sura mpya, seva mpya. Shangazi aliipenda, akanipa na kanga ya kumpelekea mama.

Sasa nikafungua Google, nikaandika amri ya site, nukta mbili, na jina la tovuti. Ni njia ya haraka ya kuuliza: za nyumba hii unazo kurasa ngapi? Zilirudi tatu.

“Tatu nini?” Shangazi alikuwa ameinama begani kwangu.

“Kurasa tatu. Kati ya mia mbili na kumi na nne.”

Tovuti mpya huijengi hadharani. Unaijenga pembeni, kwenye nakala ya majaribio, na nakala hiyo unaifungia ili Google isije ikatangaza nyumba ambayo bado ina mchanga na matofali sebuleni. Kuifungia ni kuandika neno moja tu, “noindex”: pita usome ukitaka, lakini usinitie kwenye orodha yako. Siku ya kuhamia, unaliondoa. Fundi makini huwa na karatasi ya kujikumbusha. Mimi nilihamisha saa tisa ya usiku, umeme ukikatika na kurudi, na karatasi sikuwa nayo.

Nikaingia kwenye mipangilio. Kile kisanduku cha kuzuia mitambo ya utafutaji kilikuwa na tiki. Tiki moja, wiki sita.

Nikaitoa. Nikaangalia na robots.txt, faili la maagizo ambalo roboti mstaarabu hulisoma kabla hajaingia. Desturi hiyo Martijn Koster aliipendekeza mwaka 1994, ikasimama kwa adabu tupu karibu miaka thelathini, hadi 2022 ilipofanywa kiwango rasmi. Faili letu lilisema karibuni nyote. Nikafungua msimbo wa ukurasa wa Changuu, nikalitafuta neno lile mstari kwa mstari. Halikuwemo.

“Nimelipata, shangazi. Kosa ni langu, unisamehe. Limekwisha.”

“Limekwisha leo, au litakwisha Agosti?”

Nikataka aone kwa macho yake. Nikaingia Search Console, ile ofisi ya Google ambako mwenye tovuti huambiwa hali ya nyumba yake, nikaweka anwani ya ukurasa wa Changuu na kuomba upimwe papo hapo. Duara likazunguka. Shangazi akavaa miwani.

Jibu likaja kwa rangi nyekundu: ukurasa hauwezi kuorodheshwa, “noindex” imeonekana.

Nikapima tena. Nyekundu. Kisanduku hakina tiki, ukurasa hauna neno, na bado pale mlangoni kulikuwa na mtu anafukuza wageni.

(Itaendelea Jumamosi ijayo)

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Fundi ametoa kizuizi kwa mkono wake mwenyewe, lakini Google inasema bado inakiona. SASA ENDELEA…

Nilikesha. Nilizima programu-jalizi moja moja, nikafuta kumbukumbu za muda, nikaanza hata kumfikiria mtu wa kumlaumu. Adhana ya alfajiri ilinikuta nimelaza paji la uso kwenye kibodi, na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kila mwanafunzi wa kazi hii hulijua wiki ya kwanza.

Seva haikutumii ukurasa mtupu. Inakutumia barua ndani ya bahasha. Barua ndiyo unayoisoma. Juu ya bahasha kuna maandishi ambayo mgeni hayaoni, lakini roboti anayaona na kuyatii. Usiku kucha nilikuwa nasoma barua.

Nikaiamuru seva inipe bahasha peke yake. Ikateremsha mistari michache, na karibu na mwisho, kimya kama mjusi ukutani, ulikuwepo huu: X-Robots-Tag: noindex.

Niliuandika mwenyewe. Mwezi wa nne, kwa woga wa Google kuiona nakala ya majaribio, nilifunga mara mbili: mara kwenye kisanduku, mara kwenye faili la seva. Kisha siku ya kuhama nikalibeba faili zima kama lilivyo. Nilihama na kufuli, nikalipachika kwenye mlango mpya, nikakaa ndani nikingoja hodi.

Nikaufuta mstari, nikawasha seva upya, nikapima. Kijani. Nikaenda kuswali.

Watu hudhani hapo ndipo habari inapoishia. Wapi! Ukurasa ukikaa muda mrefu na neno lile, roboti wa Google hupunguza safari zake. Haachi kabisa, ila anakuja kwa nadra, kama mgeni aliyewahi kunyimwa maji. Sharti umwite. Nikatuma upya ramani ya tovuti, kisha nikaanza kuomba ukaguzi ukurasa kwa ukurasa, na maombi hayo kwa siku yana kikomo. Nikachagua kurasa kumi na mbili. Changuu ya kwanza.

Katika kuchagua ndipo nilipokuta uharibifu wa pili. Marehemu aliweka mwaka ndani ya kila anwani. Mimi, kwa kupenda unadhifu, niliufuta. Kwa hiyo kila anwani ya zamani, kila kiungo ambacho mgeni aliyeridhika aliwahi kukiweka popote duniani kumsifu, kilikuwa kinajibu 404: hapa hakuna mtu.

Dawa yake ni 301, msimbo unaosema huyu amehama moja kwa moja, sasa yuko kule. Kulikuwa na njia ya mkato, kuzielekeza zote 214 kwenye ukurasa wa mwanzo na kwenda kulala. Google haidanganyiki kwa hilo. Ukimpeleka anayetafuta kobe kwenye ukumbi wa mapokezi, huihesabu anwani hiyo kuwa imekufa vilevile. Nikazioanisha moja moja, ya zamani na mpya yake, siku nne. Ili kuoanisha ilibidi nisome. Kwenye ukurasa wa Changuu, chini kabisa, baada ya nauli na nyakati za boti, marehemu alikuwa amewaandikia wageni wake: njooni na kofia, kobe ana subira, jua halina.

Rafiki yangu mmoja wa Dar akanishauri kwa simu, “Hizo anwani za zamani zifungie kwenye robots.txt, zisikuchafulie.” Nikamkatalia. Roboti ukimzuia mlangoni haingii, na asipoingia hatalisoma tangazo la kuhama. Ndivyo watu wengi wanavyojimaliza: wanaogopa, wanafunga kila kitu, kisha wanashangaa mbona msamaha wao haufiki.

Shangazi alikuja kila alasiri. Alileta vitumbua, akakaa kwenye kiti cha plastiki, hakuuliza kitu. Siku ya nane, alipokuwa ananimiminia chai, niliona kifundo chake cha mkono kitupu. Bangili mbili za dhahabu, zile za harusi, hazikuwepo. Madereva walikuwa wamelipwa mishahara yao asubuhi ile. Nikanywa chai.

Siku ya tisa, mibofyo minne. Siku ya kumi na moja, kumi na saba. Wiki iliyofuata tukavuka hamsini kwa siku, na Jumatano simu ikalia: Mtaliano, watu watano, wanataka Jozani. Shangazi alizungumza naye kwa utulivu wa hakimu, akaandika kwenye daftari, akakata. Halafu akapiga kigelegele kimoja kilichomtoa muuza kahawa kichochoroni.

Ijumaa baada ya swala nilisimama kunywa urojo. Mkono mmoja bakuli, mwingine simu, kwa mazoea tu nikatafuta Changuu. Hatukuwepo. Nikashuka ukurasa wa pili, wa tatu. Nikaandika ile amri ya site. Safari hii hazikurudi hata zile tatu.

Urojo niliuacha. Nilipofika chumbani nikaikagua bahasha: safi. Robots.txt: karibuni nyote. Nikaingia Search Console mikono ikitetemeka, nikaweka anwani. Kijani. Kimeandikwa wazi: ukurasa huu upo Google.

Upo. Na haonekani mtu anayeuona.

(Itaendelea Jumamosi ijayo)

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Wageni walishaanza kurudi, mara tovuti nzima ikatoweka tena, huku Google yenyewe ikisisitiza kwamba ipo. SASA ENDELEA…

Kijani kile kina upofu mmoja, na maelezo ya Google yenyewe yanaukiri: hakihesabu kurasa zilizofichwa kwa ombi la mwenye nyumba.

Ombi. Nikateremka kwenye orodha ya upande wa kushoto hadi sehemu ya uondoaji, mahali ambapo sikuwahi kuingia hata siku moja. Palikuwa na mstari mmoja. Kila anwani inayoanza na jina la tovuti, iondolewe kwa muda. Muda huo ni kama miezi sita. Ungetufikisha Desemba, msimu wote wa kusi umeshapita. Hali: limekubaliwa. Tarehe: jana, Alhamisi.

Alhamisi mimi nilikuwa kwenye boti natoka Dar, nimelala mdomo wazi.

Hili halikuwa kosa la kiufundi tena. Ombi kama lile mpita njia hawezi kulituma, hulituma mwenye ufunguo. Nikafungua orodha ya watumiaji. Wamiliki wawili. Mmoja mimi. Wa pili ilikuwa anwani ya barua pepe inayoanza na jina la marehemu.

Nikalighairi ombi, hilo ni kubofya tu. Lakini mmiliki humwondoi kwa kumfuta jina. Anathibitishwa na kifaa kilichomo ndani ya tovuti yenyewe, na kwa marehemu kilikuwa faili dogo, jina refu la herufi na tarakimu zisizo na maana. Lilikuwa limekaa kwenye seva mpya, mahali pake hasa. Nani alilileta? Mimi, tena kwa uangalifu mkubwa. Anwani za watu niliziacha nyuma, kufuli nikalibeba, na ufunguo wa mtu mwingine nikautia mfukoni nao.

Nikalifuta. Kisha nikakumbuka kitu kilichonitoa jasho kuliko yote. Jina lenyewe la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe ileile. Anayeifungua hahitaji kutuficha Google. Anaweza kubadilisha nywila, akalihamisha jina, na miaka kumi na miwili ya marehemu ikawa mali yake kabla ya Jumatatu.

Nilifika Kiponda nikihema. Shangazi alikuwa anachambua mchele.

“Simu ya marehemu iko wapi?”

“Kwenye kasha. Kwani kuna nini?”

“Nionyeshe, shangazi, tafadhali.”

Hakubishana. Akainuka, akautoa ufunguo kwenye pindo la kanga, akafungua kasha la misumari ya shaba alilokuja nalo siku ya harusi. Akatoa vitu kimoja kimoja, akavipanga mkekani: kofia ya viua, miwani yenye mkono uliofungwa uzi, tasbihi, daftari la wageni, chaja iliyoviringwa vizuri kwa mpira. Akapapasa chini. Akapapasa tena, pole pole, kona hadi kona.

“Niliiweka mwenyewe,” akasema. “Siku ya arubaini. Niliizima nikaiweka hapa.”

“Nani mwingine ana ufunguo wa kasha hili?”

Shangazi akautazama ule ufunguo mkononi mwake. Midomo ikacheza kidogo, kama mtu anayehesabu siku nyuma, au watu.

“Mwezi wa Ramadhani,” akaanza, “alikuja hapa kufuturu…”

Simu ya ofisi ikalia juu ya meza. Sote tukageuka; mimi nilidhani ni Mtaliano. Nilikuwa karibu zaidi, kwa hiyo ni mimi niliyeliona kwanza jina lililotokea kwenye kioo, jina ambalo shangazi alilihifadhi miaka mingi nyuma na hakuwa na moyo wa kulifuta.

Baba Watoto.

Ikaita mara ya pili. Shangazi akaweka ufunguo chini, akanyoosha mkono.

(Itaendelea)