Mwalimu wa Askov na Upepo wa Denmaki

Ukitazama ramani ya Ulaya, msomaji, utaona upande wa kaskazini nchi ndogo iitwayo Denmaki, tambarare, isiyo na mito mikubwa ya kuzungusha mitambo. Mali yake ni upepo wa baharini. Watu wa nchi hiyo waliikataa nguvu ya atomiki, na yafaa tuulize waliwezaje.

Mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda ghafula, Denmaki ilitegemea mafuta ya ng'ambo kwa karibu sehemu tisa katika kumi za nguvu zake zote. Makampuni ya umeme yakaona dawa ni atomiki. Wananchi wengi hawakuridhika. Walihofu taka zake, ambazo madhara yake hudumu maelfu ya miaka. Tena Waswidi walikuwa wakijenga mtambo wa namna hiyo huko Barsebäck, kiasi cha kilomita 20 tu kutoka Copenhagen, ng'ambo ya mlango wa bahari. Mabishano yakaendelea hata Machi 1985, Bunge lilipokata shauri kuiondoa atomiki katika mipango ya nchi.

Lakini ujuzi uliowapa ujasiri huo ulianza zamani, tena shuleni. Mwaka 1891, katika kijiji cha Askov, mwalimu Poul la Cour alijenga kinu cha upepo cha kutoa umeme. Upepo hauna saa: leo huvuma, kesho ukatulia. Basi akautumia umeme ule kuyagawanya maji yawe gesi mbili, akaihifadhi haidrojeni, na usiku ikawasha taa za shule. (Wasimulia kwamba mara kadhaa gesi ililipuka ikavunja madirisha. Hakuacha.) Kisha akawafunza vijana wa mashamba ufundi wa umeme. Mmoja wao, Johannes Juul, aliyesoma kwake mwaka 1904, ndiye aliyebuni kinu cha Gedser cha mwaka 1957, chenye mapanga matatu. Kilifanya kazi miaka kumi, kikaachwa, maana mafuta yalikuwa rahisi siku zile.

Baada ya 1973 mafundi wa vijijini, maseremala na wahunzi, walikirudia kielelezo hicho. Huko Tvind walimu, wanafunzi na watu wengi waliojitolea walijenga kwa mikono yao kinu kilichokuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani, wakakimaliza mwaka 1978.

Usidhani, hata hivyo, kwamba upepo ulishinda kwa siku moja. Miaka mingi baada ya 1985 Denmaki iliendelea kuchoma makaa ya mawe, na moshi wake si jambo dogo. Siku hizi zaidi ya nusu ya umeme wake hutokana na upepo. Lakini fumbo la mwalimu la Cour lingali lipo, kwani siku ya shwari hununua umeme kwa jirani, hata Uswidi, ambako mitambo ya atomiki haijazimwa yote.

Na ukifika Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, utaviona vinu 365 vyenye mapanga matatu. Viliundwa na Vestas, kampuni ya Denmaki iliyoanza mwaka 1898 kama karakana ya mhunzi wa kijijini.