Uridhiko na Uridhishaji: Istilahi Mbili za Kazi na Hulka

Waafrika Mashariki wanaoishi Champlin, jimboni Minnesota, wakipashana habari za kazi mpya huuliza kwanza inalipa ngapi kwa saa, kama ina ovataimu, na kama ni mbali na nyumbani. Swali la kama kazi yenyewe inamridhisha mtu huonekana la anasa, la kuulizwa na waliokwisha kushiba. Makala haya yanalitetea swali hilo. Na kwa kuwa swali halijadiliki vizuri bila maneno yake, yanapendekeza istilahi mbili za kulijadilia: uridhiko na uridhishaji.

Champlin ni mji wa watu wapatao 24,000 katika ncha ya kaskazini ya kaunti ya Hennepin, kando ya mto Mississippi, na Anoka iko ng'ambo yake. Hapa na katika mji jirani wa Brooklyn Park kuna familia nyingi za Wakenya, Wakisii wakiwa sehemu kubwa. Wengi wao walianzia kazi ya kutunza watu: wagonjwa, wazee, watu wenye ulemavu. Sababu yake inaeleweka. Sheria ya shirikisho inamtaka nesi msaidizi wa makao ya wazee awe na mafunzo ya saa zisizopungua 75, kwa hiyo mgeni mwenye kibali cha kazi anaweza kuanza kulipwa baada ya wiki chache. Watanzania wa ughaibuni wana jina la kazi zote za kuanzia maisha: kubeba boksi. Jina hilo limebeba mawazo yake pia, kwamba kazi ya ugenini ni mzigo wa kuvumiliwa, basi.

Ajabu ni kwamba mojawapo ya fikra muhimu zaidi duniani kuhusu mtu kuridhika na kazi ilijengwa kilomita kama 30 tu kutoka Champlin, kwenye mto huohuo, katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanasaikolojia wa chuo hicho walianza kuchunguza jinsi watu wenye ulemavu wanavyoweza kuingia kazini na kudumu. Mwaka 1964 René Dawis, George England na Lloyd Lofquist wakachapisha nadharia iliyotokana na uchunguzi huo. Dawis mwenyewe alitoka Ufilipino akaenda Minnesota kusoma.

Nadharia yao inasema hivi. Mtu huja kazini na vitu viwili: uwezo wake na mahitaji yake. Kazi nayo ina vitu viwili: inadai ujuzi fulani, na inatoa malipo ya namna fulani, ya fedha na yasiyo ya fedha, kama heshima, usalama, au nafasi ya kujiamulia. Kazi ikikidhi mahitaji ya mtu, mtu huridhika. Mtu akitimiza madai ya kazi, humridhisha mwajiri. Asiyeridhika huondoka, asiyeridhisha huondolewa. Anayedumu ni yule ambaye pande zote mbili zimekutana kwake.

Kwa Kiingereza waandishi hao waliziita pande hizo satisfaction na satisfactoriness, maneno yaliyokaribiana mno kwa sura. Kiswahili hakina taabu hapa. Mnyambuliko wa kitenzi umeshaifanya kazi hiyo: kuridhika ni hali ya mtu mwenyewe, kuridhisha ni kumfanya mwingine aridhike. Kutoka hapo tunapata uridhiko, kwa njia ileile ambayo ongezeka huzaa ongezeko na sikitika huzaa sikitiko. Tunapata pia uridhishaji, kama vile endesha inavyozaa uendeshaji.

Wako wafasiri ambao wangechagua kutosheka. Neno hilo lina mipaka, kwa sababu linapima kiasi. Mshahara unaweza kumtosha mtu na kazi isimridhishe. Walimu wengi wanajua pia kwamba kazi inaweza kumridhisha mtu na mshahara usimtoshe. Kukinai nako hakufai, maana aliyekinai hataki zaidi, ilhali mfanyakazi aliyeridhika anaweza kuwa ndiye mwenye hamu kubwa ya kusoma na kupanda cheo. Ridhaa tayari ina kazi yake hospitalini na mahakamani: mgonjwa hutia saini fomu ya ridhaa kabla ya kupasuliwa. Tuiache huko.

Neno la tatu tunalolihitaji ni la zile sifa za mtu zinazofanya kazi fulani imfae. Baadhi ya waandishi wa saikolojia kwa Kiswahili hutumia haiba. Masikioni mwa wengi, hata hivyo, haiba ni mvuto na umbo la kupendeza. Tabia nayo huja na hukumu ya maadili: ukisema mtu ana tabia, msikilizaji hungoja aambiwe ni nzuri au mbaya. Hulka inafaa zaidi, kwa kuwa inataja maumbile ya ndani ya mtu bila kumsifu wala kumlaumu. Kwa hiyo aina za watu katika uchaguzi wa kazi tuziite aina za hulka.

Aliyezieneza zaidi ni John Holland, ambaye pia alipata shahada yake ya udaktari Minnesota, mwaka 1952. Mwaka 1959 alichapisha nadharia yenye aina sita. Kwa Kiswahili naziita hivi: watu wa mikono, wanaopenda vyombo, mashine na udongo; wadadisi, wanaopenda kuchunguza na kuelewa; wabunifu, wanaopenda kuunda kitu kipya; watu wa watu, wanaopenda kufundisha, kuuguza na kusaidia; washawishi, wanaopenda kuongoza na kuuza; na wapangaji, wanaopenda kumbukumbu, hesabu na utaratibu. Holland hakudai kwamba kila mtu ana aina moja tu. Kwa kawaida mtu huelezwa kwa aina mbili au tatu zinazomtawala.

Fikiria wanawake wawili wanaofanya zamu moja katika nyumba ya kutunzia watu wanne wenye ulemavu, hapo Champlin. Wa kwanza akiingia alfajiri anamwendea kila mkazi kitandani, anamsalimu kwa jina, na anajua nani hakulala kwa kumtazama usoni tu. Wa pili anaanzia kwenye daftari la dawa: anahesabu vidonge, analinganisha saa na saini, anagundua mahali ambapo zamu ya usiku ilisahau kujaza. Wote wawili wanamridhisha mwajiri. Lakini wa pili anarudi nyumbani amechoka kuliko mwenzake, kwa sababu saa saba kati ya nane anatakiwa kuzungumza, kubembeleza na kuogesha, na saa moja tu ndiyo ya daftari. Hana uvivu, wala hana roho mbaya. Ni mpangaji aliyewekwa katika kazi ya mtu wa watu.

Uridhiko wa wafanyakazi kama hao unapimika. Mwaka 1967 kundi la Minnesota lilitoa dodoso ambalo toleo lake fupi lina vipengele 20, na kila kipengele hujibiwa kwa ngazi tano, kuanzia kutoridhika kabisa hadi kuridhika sana. Vipengele hivyo vinamfundisha mfasiri pia. Kimoja kinahusu maadili. Ukikiandika hivyo tu, msomaji wetu atadhani anaulizwa kama yeye ni mwadilifu, kumbe anaulizwa kama kazi inamwacha atende bila kwenda kinyume na dhamiri yake. Kingine kinahusu huduma kwa jamii, na hapo msomaji huwaza maji na barabara. Maana yake ni nafasi ya kuwatendea wengine jambo la kuwafaa. Dodoso lisipofasiriwa kwa maana, majibu yatakuwa ya maswali ambayo hayakuulizwa.

Hata hivyo aina ya hulka si kila kitu. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba kulingana kwa aina ya mtu na aina ya kazi hueleza sehemu ndogo tu ya uridhiko. Msimamizi mwenye haki, malipo na wenzako kazini vina uzito wao. Kwa hiyo mtu asije akaacha kazi kwa sababu jaribio la dakika kumi limempa aina fulani.

Wazee watasema: mchagua jembe si mkulima. Ni kweli methali hiyo inamkanya anayefanya uchaguzi kuwa kisingizio cha kukaa bure. Haimkatazi mkulima kujua jembe lipi linampa malengelenge.

Akishalijua, afanyeje? Nadharia ya Minnesota inataja njia mbili. Mtu anaweza kuigeuza kazi: akaomba apewe jukumu la dawa na kumbukumbu, au ahamishiwe zamu nyingine. Anaweza pia kujigeuza mwenyewe: akajifunza ujuzi mpya, au akapunguza anachokitarajia kutoka kwa kazi hiyo. Kabla ya njia zote mbili upo uvumilivu, na kila mtu ana kipimo chake. Zikishindikana, huondoka. Mpangaji wetu anaweza kusoma uhasibu jioni katika chuo cha North Hennepin, Brooklyn Park, huku akiendelea na zamu zake.

Mchakato huo wote wa pande mbili kusogeleana nao unahitaji jina, na mzizi uleule wa ridhi unatupatia: maridhiano ya kazi. Wazanzibari walipoyaita Maridhiano yale makubaliano ya 2009 kati ya Rais wao, Amani Abeid Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, kila mtu alielewa kwamba upande mmoja hauridhiani peke yake. Kazini ni vivyo hivyo.

Jamii yetu ya ughaibuni imefuzu sana katika uridhishaji. Tunafika kwa wakati, tunapiga zamu mbili, tunasifiwa. Uridhiko tumeuacha uwe siri ya kila mtu na usingizi wake. Wazazi mlioko Champlin, kijana wenu akimaliza shule msimuulize tu uuguzi unalipa ngapi. Mwulizeni anapenda kuitumia siku yake kwa watu, kwa vyombo, kwa maswali au kwa hesabu. Hifadhidata ya kazi ya Wizara ya Kazi ya Marekani, O*NET, imepanga mamia ya kazi kwa aina za Holland, na kuitazama ni bure. Walimu na wafasiri nao wayatumie maneno haya, wayapime, na wakipata bora zaidi wayaseme. Kazi nzuri ni ile unayoiridhisha nayo ikakuridhisha. Ikikosa upande mmoja, bado haijawa yako.